Boti Iliyoelekea Kaskazini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilipita zahanati kumpelekea Mama chai na viazi. Lakini mwezi ule wa Mei, mwaka 2015, shule ilifungwa kwa sababu madarasa yote yalijaa wakimbizi kutoka Burundi. Basi nikawa nashinda zahanati. Kijiji chetu kiko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka, na watu walikuwa wengi hadi wengine wakalala mchangani. Haukupita muda, kipindupindu kikaingia.

Mama yangu, muuguzi Elinipa, ni Mpare wa Same, na ndiye aliyekuwa mkuu wa zahanati. Mgonjwa aliyezidiwa alifungwa utepe mwekundu mkononi, kisha saa kumi jioni alipakiwa kwenye boti kwenda hospitali Kigoma. Dripu zetu zilikuwa za kuhesabu. Bila boti, mtu alikwisha mbele ya macho yetu.

Sasa cha ajabu, watu walikuwa wanakata tepe! Unamfunga mtoto asubuhi, mchana humwoni yeye wala utepe. Mama zao waliwaficha chini ya maturubai, wengine vichakani. Jumatatu tulizika wawili. Mama alikaa juu ya kreti akalia. "Nifanye nini tena, jamani? Dawa ninayo, boti ninayo, wananikimbia!" Nililia naye.

Jumanne, nikigawa maji safi, nilimwona mtoto mmoja, Anatoli. Alikuwa na miaka mitatu hivi, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mama yake alipogundua nimemwona, alimfunika kitenge haraka, akanitazama kwa hofu. Nilikimbia kumwita Mama. Tuliporudi, hawakuwepo.

Pale zahanati alikuwepo msafishaji, Dada Skolastika, Muha wa palepale kijijini. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na sisi watoto wa watumishi tulizoea kumwigiza na kucheka. Siku hiyo alisema, "Sista, hebu niende mimi nikawaulize."

Nikadakia, "Wewe? Nesi ameshindwa, mfagizi ndiye ataweza?"

Mama alikuwa hoi, hata hakunikemea. Alisema tu, "Skola, ndoo zimejaa." Skolastika akarudi kwenye ndoo zake.

Jumatano asubuhi hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda. Kiha na Kirundi ni ndugu, wenyewe wanaelewana vizuri tu. Alirudi anahema, fagio bado mkononi.

"Sista, wanasema 'ntibagaruka'. Maana yake, wanaopanda boti hawarudi. Wanaamini inawarudisha Burundi, kwenye risasi."

"Burundi? Kigoma si iko kusini!" Mama alishangaa.

"Wameona kwa macho yao. Kila jioni boti inaelekea kaskazini."

Mama hakujua hilo. Alikuwa na miezi minne tu kijijini, na boti ikiondoka yeye huwa ndani ya zahanati na wagonjwa waliobaki. Alimwita nahodha, Mzee Saidi wa Ujiji.

"Ni kweli," alisema Mzee Saidi. "Kusini hapa kuna miamba chini ya maji. Naenda kaskazini kwanza mpaka kilindini, ndipo nageuza. Saa hizo jua linawapiga machoni, hawawezi kuniona nikigeuza. Lahaula! Kumbe mimi ndiye ninayewatisha!"

"Huwezi kupita kusini?"

"Kwa injini, nitapasua boti. Ila injini ikiinuliwa, tukaikokota kwa kamba kandokando ya ufukwe, inapita. Marehemu baba yangu alifanya hivyo."

Jioni ile wanaume sita walishika kamba. Skolastika alitangulia mchangani, akieleza kwa sauti kwa Kiha chake. Boti ikaenda kusini taratibu, watu wote wakiiangalia. Ndipo mama yake Anatoli akatoka vichakani, mtoto amelegea mgongoni. Nilidhani amechelewa. Aliingia majini mpaka magotini, akanyoosha mkono wa mtoto ili Mama, aliyekuwa kando ya boti, aufunge utepe. Nyuma yake walikuja wengine tisa.

Siku tatu Mzee Saidi alirudi bila habari za Anatoli. Nilishindwa hata kula. Siku ya nne Mzee Saidi alishuka akipiga kelele, "Anatoli anakunywa uji! Anagombania kikombe!"

Nilimwendea Skolastika, nikamwomba radhi kwa maneno yangu. Akanifinya shavu. "Yamekwisha, Christina. Na wewe ujifunze Kiha, ila usije ukaniibia kazi," akacheka.

Kesho yake Mama aliwaita wafanyakazi wote kwenye kikao, na kwa mara ya kwanza akamwita msafishaji.

"Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema. "Mimi najua dawa. Saidi anajua ziwa. Skolastika anajua watu. Mahali pa kazi pakiwa na watu wa kila namna, panaona mbali. Lakini wasiposikilizwa, ni sawa na kutokuwa nao. Wale wawili tuliowazika Jumatatu, aliyeweza kuwaokoa alikuwa akiosha ndoo hatua kumi kutoka mezani kwangu, na sikumwuliza."

Mama akasogea kwenye benchi, na Skolastika akaketi kando yake.