Mzee Asiyesumbua

Ndugu zangu, asubuhi za makao yale ya wazee zilikuwa tulivu. Chai inamiminwa, redio inajisemea peke yake, na dirishani Fundi, mshonaji mstaafu, anarudishia mashati ya wenzake vifungo vilivyokatika.

Kisha Fundi akaweka sindano chini. Utani ukaisha, uji akawa anaubakiza nusu. Aliyegundua ni mhudumu wa zamu ya asubuhi, ambaye Fundi alimwita binti yangu.

Kila mwezi ilijazwa fomu ya afya ya akili ya kila mzee. Mnajua ilijazwaje? Ofisini, kwa kunakili ya mwezi uliopita. Kwa Fundi, msimamizi aliandika neno moja: Hasumbui.

Mhudumu akachukua fomu tupu, akavuta kiti, akamuuliza yale maswali yenyewe.

"Unalala, baba?"

"Nalala. Tatizo ni kuamka, binti yangu. Nikifumbua macho nasema, kumbe bado nipo."

Mhudumu akayaandika maneno hayo kwenye fomu. Siku hiyo hiyo akaandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa akili.

"Huyu ndiye mpole kuliko wote humu," msimamizi alisema. "Wanaopiga kelele hujawaona? Halafu, lazima mwanawe atie saini."

Mwana alipopigiwa simu alikuja juu. "Baba yangu si mwendawazimu. Mnataka tuchekwe? Huo ni uzee tu."

Uzee tu! Barua ikalala kwenye droo wiki tano. Mhudumu aliiulizia mpaka akaitwa mwenye kiherehere. Fundi akakataa uji wote, kisha maji. Siku alipoishiwa nguvu akaanguka bafuni, saini ilipatikana kabla ya saa sita mchana.

"Mlikuwa wapi?" daktari aliuliza. "Huzuni hii inatibika." Mwana aliinamisha kichwa. Msimamizi alitazama saa yake.

Fundi alitibiwa, akarudi. Anakula, na juzi alicheka. Lakini mkono aliouvunja bafuni haushiki tena sindano. Sasa anayeshona ni mhudumu, naye Fundi anamwelekeza: "Zungusha uzi mara mbili, binti yangu. Usiwe na haraka kama mimi nilivyokuwa na haraka ya kuondoka."

Funzo

Enyi wenye wazazi, nanyi mnaotunza wazazi wa wenzenu: mzee akinyamaza si lazima awe ametulia. Muulizeni mwenyewe, msiiulize fomu ya mwezi uliopita. Ugonjwa wa akili si aibu ya ukoo, na barua ya daktari haitibu mtu ikiwa kwenye droo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wa Fundi tumeujenga, ila mkono wake haukurudi.