Harufu ya Karthala

Jiwe lilikuwa limetoweka. Sinia la fedha lilikuwepo, saa ya ukutani ilikuwepo, vinara vya shaba vilikuwepo. Mwizi aliingia sebuleni kwa Nasor bin Abdullatif, mfanyabiashara wa Bagamoyo, akaacha vyote vya thamani, akachukua jiwe jeusi la ukubwa wa nazi. Ulikuwa mwaka 1953.

"Mwizi wa ajabu," alisema Inspekta Mwinyimvua, akiinamia sinia. "Angepita kituoni kwanza ningemtajia vya kuiba."

"Usinifanyie mzaha, Inspekta! Jiwe lile nimelitoa mwenyewe kwenye kinywa cha Karthala, mlima wa moto wa kisiwa cha Ngazidja. Siku mbili kupanda! Chini moto unatokota kama uji. Mji mzima umekuja kuliona."

"Ulipanda kwa viatu gani?"

"Hivi hivi." Nasor alinyanyua mguu kwa majivuno.

Inspekta alitazama soli, kisha sinia. Kwa kukaa tu, jiwe lilikuwa limeichora fedha mikwaruzo tele. Soli haikuwa na hata mmoja. Alikohoa, akaandika neno katika daftari.

"Lilikuwa na harufu?"

"Kiberiti upele. Likipata joto, ndiyo zaidi."

"Uliliona lini mara ya mwisho?"

"Kabla sijakwenda shambani Makurunge. Nimekaa siku tatu, nimerudi leo."

"Nani aliingia humu?"

"Sihaba peke yake, mpishi. Miaka thelathini yuko kwangu, hajagusa hata sindano."

Uani, jirani Ashatu alikuwa akianika mpunga, pua ameikunja.

"Afande, njoo na huku! Siku ya tatu leo chumba cha Sihaba kinanuka kiberiti upele. Namuuliza, ati anamtibu mbuzi upele."

"Mbuzi yuko wapi?"

"Si huyo anayekula ukili wangu!"

Inspekta alimkamata mtuhumiwa, akampekua masikio, kwapa, mpaka mkia. Manyoya yalimeta. Mbuzi akatafuna pembe ya daftari la serikali.

Mlango wa Sihaba ulikuwa wazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mbuzi wako mzima kuliko mimi."

Bibi alijifunga kanga upya.

"Jiwe liko wapi?"

Alionyesha jiko la mkaa pembeni ya chumba kwa kidevu. Jiwe lilikuwa juu ya makaa, limepasuka vipande viwili.

"Ulitaka kuliuza?"

"Nani anunue jiwe?"

"Basi kwa nini?"

Sihaba alikaa mkekani. "Kwetu Ngazidja, chini ya mlima ule ule. Shangazi alinileta huku sijang'oa meno ya utoto. Mama akabaki. Sura yake imenitoka, mwanangu. Sauti imenitoka. Juzi nafuta vumbi, nikasikia harufu ile, na mkono wa mama ukanijia hapa kichwani, unanisuka. Mkono tu. Nikasema nikilitia moto, labda atakuja mzima."

"Alikuja?"

"Siku ya kwanza alinisuka mpaka huku." Aligusa kisogo. "Jana kidogo. Leo jiwe halinuki tena. Nifunge tu, baba. Limekwisha."

Nasor alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Jiwe langu! Aende kortini!"

"Ataenda," alisema Inspekta. "Nawe utashika msahafu, umwapie hakimu ulikoliokota. Na viatu uje navyo hivyo hivyo."

Nasor alitazama miguu yake.

"Nililinunua bandarini Moroni, huko huko Ngazidja," alisema taratibu. "Miguu ilinivimba melini, sikupanda hata hatua moja. Maisha yangu yote nautamani mlima ule. Nimewaaga watu wote hapa, ningerudije niseme sikufika?"

"Mashtaka?"

"Sina."

Inspekta alifunga daftari. Sihaba ndiye aliyeinua uso.

"Hata kuuona hukuuona, bwana?"

"Siku nne nilikaa chini yake, Bi Sihaba. Mawingu matupu. Yameufunika kutoka juu mpaka mashambani."

"Meupe? Yanashuka mpaka kwenye migomba?"

"Mpaka kwenye migomba."

Bibi alisogea, akampisha mkekani.

"Basi umeuona," alisema. "Ndivyo ulivyokuwa. Kaa, bwana wangu. Nieleze tena."