Nyoka Hachanji Mtu

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa pensheni yangu. Atakayebisha aende Mtaa wa Msimbazi akaulize.

Jirani yangu Eliakimu ni Mchaga, anauza ndizi kwa jumla Kariakoo. Kila asubuhi gari linashusha mikungu mbele ya banda lake. Yeye anapanga, mkewe Clotilda anapokea wateja. Mimi ni mstaafu wa bandari. Kazi yangu ni kukaa kwenye benchi la kahawa na kuwapa watu hadithi.

Siku hiyo Eliakimu aliingiza mkono katikati ya mikungu. Akapiga ukelele. Nyoka wa kahawia akachomoka, akatokomea mtaroni.

"Kaniuma kidole!"

"Mume wangu, twende hospitali!" Clotilda akalia.

Eliakimu akajifuta damu, akacheka. "Hospitali ya nini? Niliumwa na nyoka zamani kule Rombo. Nimeshachanjwa. Si ndivyo, Mzee Mwinyimvua?"

Watu wote wakanigeukia. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nilimwambia kwamba koboko aliniuma bandarini, na aliyekufa ni koboko.

"Ndivyo," nikasema. "Damu ikishaionja sumu, haisahau."

Basi akaendelea kupanga ndizi. Kidole kikavimba, kisha kiganja. Pete ikaanza kumbana. Mpagazi mmoja akaleta kamba amfunge. Mwingine akaleta wembe.

"Wekeni chini hivyo vitu!"

Alikuwa Sabaha, nesi wa zahanati ya Mchafukoge, amekuja kununua ndizi za kupika.

"Hafungwi kamba, hakatwi, hafyonzwi! Kamba inaweza kuua mkono. Kaka, kaa chini. Vua pete. Mkono usiutikise."

"Dada, mimi nina kinga."

"Kila mtu anayo. Mwilini kuna askari. Wakiona adui mgeni, wanaanza kufua silaha za kumfaa. Kazi hiyo inachukua siku nyingi. Sumu itakungoja?"

"Wangu wanamkumbuka yule wa Rombo."

"Huyu ni ndugu yake? Nyoka wanatofautiana sumu. Hata angekuwa wa aina ileile, kuumwa mara moja si kinga ya kutegemea. Wengine wakiumwa tena, askari wao wanapita kiasi. Koo linavimba, pumzi inakatika."

Eliakimu akautazama mkono. Ni wa kulia, ndio wa kazi. "Naweza kuupoteza?"

"Ukikaa hapa, mkono na hata uhai."

Bajaji ikaitwa mbio, Sabaha akapanda naye.

Hospitali walimpima damu, wakamtundikia dripu ya dawa ya sumu ya nyoka. Sabaha akamweleza inavyotengenezwa. "Farasi anachomwa sumu kidogo kidogo. Mwili wake unafua silaha taratibu. Wataalamu wanazichuja kutoka kwenye damu yake. Leo umeazimwa silaha za farasi."

"Sasa nitakula majani?"

"Anza na uji."

Uvimbe ulipungua taratibu, akarudi kazini. Siku hizi anavaa glavu ngumu, na mikungu anaigonga kwanza kwa fimbo ndefu.

Siku aliyorudi, tulikaa wote kwenye benchi.

"Babu," Sabaha akaniuliza, "yule koboko alikuuma wapi?"

"Mguuni, mwanangu."

"Eti!" akadakia Clotilda. "Sisi ulituambia begani!"

"Alikuwa mrefu," nikasema.

Zahoro, tuliyefanya naye kazi bandarini, akacheka hadi kahawa ikamwagika. "Koboko gani? Huyu aliona mkia wa panya, akapanda juu ya kontena. Tulimshusha kwa kreni!"

Clotilda hakucheka. "Mzee, hadithi yako ilitaka kuniachia ujane."

"Faini!" wakapiga kelele. "Supu na chapati kwa wote!"

Nikalipa, bila kubisha. Eliakimu akaliinua bakuli lake kwa mkono wa kulia, vidole vyote vitano vimelishika, akainywa supu hadi tone la mwisho. Kisha akaagiza nyingine.