Mkojo Unaochoma

Mwaka 1954 Constance alikuwa akiishi katika kambi ya reli ya Makomeno, mjini Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji. Bwana wake, Anaclet, alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo. Mara nyingi alisafiri hadi Kamina na kukaa huko siku tatu au nne. Wote wawili walitoka Kongolo. Walikuwa na mtoto mmoja, Wivine, msichana wa miaka sita. Mwezi wa Septemba mwaka ule aliingia shule ya watawa, ambao kila mmoja wao kambi nzima ilimwita masere.

Kila asubuhi Constance alichota maji kwenye robine, bomba la kambi, akapika uji, akamfunga Wivine nywele na kumsindikiza hadi barabarani. Kisha alibeba kapu lake la sombe, majani ya muhogo, hadi sokoni. Huko alikaa mpaka saa tisa, jua likiwaka. Choo cha soko kilikuwa mbali na kichafu. Tena, mwenye kuacha mboga zake alirudi akakuta wateja wamehamia kwa mwingine. Kwa hiyo Constance alijizoeza kubana mkojo. Hata maji hakunywa, asije akahitaji kutoka.

Mwezi wa Oktoba maumivu yakaanza. Alipokojoa, alichomwa kama aliyemwagiwa pilipili. Yalitoka matone machache tu, na kabla hajafika mlangoni alitaka kurudi tena. Mkojo ulikuwa na ukungu na harufu kali. Chini ya kitovu palimuuma mchana kutwa.

Aliona haya kumwambia mtu. Mwishowe alimwambia jirani yake Agnès, aliyekuwa akinyonyesha mtoto wake wa miezi mitano mlangoni. Agnès hakufikiri sana.

"Ile ni ugonjwa ya babwana," alisema. "Anaclet iko analala Kamina kila juma. Unafikiri iko analala na nani?"

Maneno yale yalimwingia Constance moyoni na kukaa. Anaclet aliporudi, Constance alimwekea chakula mezani, kisha akaenda kulala kwa mtoto. Anaclet aliuliza kuna nini, akajibiwa hakuna kitu. Hivyo ndivyo walivyoishi majuma mawili. Constance alikuwa amekwisha kata shauri. Kaka yake Désiré angekuja kuwatembelea siku za Noeli. Akiondoka, Constance angeondoka naye pamoja na Wivine, warudi Kongolo kabisa.

Siku moja ikaja habari kutoka shuleni. Wivine amejikojolea darasani. Masere alimsimamisha mbele ya wenzake mpaka kengele. Constance aliona aibu, akamgombeza mtoto sana, maana tangu alipotimiza miaka mitatu hakuwahi kulowesha hata mkeka. Wivine alilia bila kujitetea.

Siku ya pili Wivine alitapika uji wake. Mwili ulikuwa moto, naye alitetemeka. Hakukohoa wala hakuharisha. Alishika kiuno akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kukojoa inauma. Inauma sana."

Constance alisimama kama aliyepigwa. Maumivu yale aliyajua. Lakini mtoto mdogo angeyapata wapi? Alimfunga mgongoni, akaacha kapu la sombe pale lilipokuwa, akaenda mbio hadi dispanseri, zahanati ya kambi.

Aliyewapokea alikuwa Marceline, msaidizi wa mkunga. Wanawake wa Makomeno walimwamini, maana hakumcheka mgonjwa wala hakusambaza siri za watu. Alimpima Wivine homa, akamgusa tumbo na kiuno, akauliza alianza lini. Kisha alimwosha vizuri kwa maji safi, akatoa chupa iliyochemshwa, akamwambia akojoe. Mkojo wa kwanza aliuacha uende chini. Ule wa katikati ndio alioukinga kwenye chupa.

Wivine alimtazama, akasema, "Mama naye iko analia mu choo. Mi nilimusikia."

Constance aliinamisha kichwa. Marceline alifunga mlango, akaketi karibu naye, akangoja. Ndipo Constance akamweleza yote: mchomo, maneno ya Agnès, safari za Kamina, na shauri lake la kurudi kwao. Marceline alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba ugonjwa wa zinaa nao unaweza kuchoma hivyo, na kwa sababu hiyo haifai mtu kubahatisha. Angempima yote mawili. Akachukua mkojo wake pia, na vipimo vingine, akavipeleka kwenye hadubini, chombo kile kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho.

Walingoja kwenye benchi. Wivine alisinzia mapajani mwa mama yake.

Marceline aliporudi alikuwa na uso mkunjufu. "Mama Wivine, sikia muzuri," alisema. "Ile ugonjwa ya babwana sikuiona kwako. Kile niliona ni vijidudu vya mu tumbo, vile binatoka na choo kubwa. Bimepanda kwa njia ya mukojo, bikaingia mu kibofu. Kwako na kwa mutoto ni vile vile, lakini hakuna aliyemuambukiza mwenzake. Kila mutu amepata yake."

"Juu ya nini siye wote wawili tumeipata mara moja?" Constance aliuliza.

Marceline alianza kumuuliza maswali, na jibu likajitokeza lenyewe. Constance hanywi maji na anabana mkojo sokoni. Na Wivine? Masere wa darasa lake hakuruhusu mtoto kutoka kabla ya mapumziko, basi naye alibana. Tena mtoto alijipangusa kutoka nyuma kwenda mbele, akivuta uchafu pale usipotakiwa. Marceline alieleza kwamba mkojo ukikaa sana kibofuni, vijidudu vinazaana. Maji mengi na kukojoa mara kwa mara vinaviosha nje. Wanawake na wasichana hupatwa zaidi, kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi. Wanaume nao hupatwa, na wajawazito wasingoje hata siku moja.

"Kwako imebaki mu kibofu," alisema. "Kwa mutoto imefika ku mafigo. Homa, kutapika, kiuno kuuma, ile ndiyo alama. Ungengoja tena, ingemuharibia mafigo. Umefanya muzuri kumuleta leo."

Aliwapa vidonge vya sulfamidi, dawa ya kuua vijidudu, kila mmoja kwa kipimo chake, na maji mengi ya kuchemshwa juu yake. Wivine alitakiwa kuonwa kila siku mpaka homa ishuke. Dawa ilikuwa ya siku saba, hata maumivu yakiisha mapema.

Jioni Anaclet alirudi kutoka stesheni. Constance alimweleza ugonjwa, kisha akamweleza na maneno ya Agnès, na shauri lake la kuondoka. Anaclet aliketi, kofia ya kazi mkononi.

"Majuma mawili ulibeba ile peke yako," alisema. "Ungeniuliza, Mama Wivine. Mi ningekujibu."

"Najua. Nisamehe."

Anaclet aliweka kofia mezani. Alisimama akachemsha maji ya dawa mwenyewe.

Siku ya tatu homa ilikwisha na mchomo ukatoweka. Constance alitaka kuweka vidonge vilivyobaki kwa siku nyingine, lakini Anaclet alikataa. Marceline alisema siku saba, basi ni saba. Walimaliza. Walipopimwa tena, mkojo wa wote wawili ulikuwa safi.

Jumatatu iliyofuata, wazazi wote wawili walikwenda shuleni. Constance ndiye aliyesema. Alimweleza masere, bila kuogopa na bila kugomba, kilichompata mtoto na sababu yake. Masere alisikiliza, akamwita Wivine, akamwomba radhi. Tangu siku ile mtoto aliyeinua mkono aliruhusiwa kutoka. Sokoni nako Constance alipatana na muuza samaki wa jirani: mmoja akienda chooni, mwingine anamlindia mali. Chupa ya maji haikukosa pembeni yake. Désiré alipokuja siku za Noeli, alirudi Kongolo peke yake.

Mwezi wa Februari, Agnès alikuja na mtoto wake mikononi. Mtoto alikuwa na homa tangu jana, hataki kunyonya, anatapika, na hakuna kikohozi wala mafua. Watu wa mstari ule wa nyumba walisema ni meno.

Constance alimgusa paji la uso. "Meno tutaitazama nyuma," alisema. "Kwanza bapime mukojo. Twende kwa Marceline."

Walikwenda pamoja saa ileile. Yalikuwa mafigo. Na kwa kuwa walifika mapema, juma lililofuata mtoto alikuwa akinyonya kwa nguvu, naye Agnès, kwenye foleni ya robine, akiwaeleza wanawake wenzake alichojifunza.