Nilinyamaza Shemeji Alipokimbilia Shimo Langu

Nina miaka thelathini na tisa, mke mmoja, watoto watatu na mikono yenye sugu za sululu. Nawaandikia wasomaji wenzangu nikiwa Kalangalala, mjini Geita, ninakosukuma mkokoteni wa maji. Sitafuti huruma. Huruma nilishazoea kuishi bila hiyo...

Miaka michache iliyopita nilitoka machimboni sina mbele wala nyuma. Aliyenipokea ni mume wa dada yangu Holo, tuliyemwita Baba Nkwimba kwa jina la binti yake wa kwanza. Kwake si mbali na Kharumwa. Alikuwa mkulima wa mpunga, mrefu, mwenye utani mwingi na sauti ya kusikika shamba la tatu. Alinikatia majaruba manne, vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa kingo, pembeni mwa mbuga yake akaniambia, "Shemeji, lima. Hapa hakuna atakayekuuliza umetoka wapi." Basi, hivyo tu! Hakuwa baba yangu wala kaka yangu, lakini alinipa alichokuwa nacho.

Na mimi nikamlipa nini? Subirini.

Jamani, ukishakuwa mchimbaji ugonjwa ule hauponi. Siku moja nikilima chini ya mgunga, mwishoni mwa majaruba yale, jembe likagonga jiwe jeupe lenye michirizi ya kutu. Kwa mchimbaji hiyo ni dalili ya dhahabu. Nilijua nikimwambia shemeji atakataa, kwa sababu alishasema mara nyingi kwamba shamba likishachimbwa dhahabu halirudi kuwa shamba. Nikaanza kuchimba kimyakimya, kila alasiri, yeye akiwa malishoni na ng'ombe wake.

Kila mchimbaji anajua utaratibu. Udongo unaotoka shimoni, yaani kifusi, unaulundika pale pale mdomoni, ili hata mgeni akipita aone kwamba hapa kuna shimo. Mimi sikuulundika. Ningeulundika si ningeonekana? Kila ndoo niliyoitoa niliimwaga kwenye kingo za majaruba, nikazipandisha na kuzishindilia vizuri. Mdomo wa shimo nikaufunika kwa fito, matete na nyasi.

Baba Nkwimba akapita siku moja, akaziona zile kingo, akamwita dada kwa sauti. "Mama Nkwimba, njoo uone kazi ya kaka yako! Huyu ndiye mkulima!" Nikacheka naye. Moyoni nilifurahi kwamba nimemweza.

Shimo lilifika kina cha watu wawili na zaidi. Dhahabu? Sikupata hata ya kuingia kwenye ukucha. Nikachoka, nikaliacha. Nikasema nitalifukia kesho... Kesho hiyo mnaijua wenyewe.

Mvua za mwaka ule hazikuwa na adabu. Zilinyesha siku baada ya siku, mto ukafurika, mbuga yote ikawa maji ya magotini. Na baridi! Sisi si watu wa baridi. Wazee walishinda na mablanketi mabegani mchana kweupe. Nguruwe pori waliokuwa wakilala kwenye vichaka vya mtoni wakafukuzwa na maji, wakahamia mashambani kwetu. Viazi vilivyokuwa kwenye matuta wakavifukua vyote. Mpunga uliokaribia kukomaa wakaulaza chini. Tulikuwa tunaiangalia njaa kwa macho.

Tukaomba ruhusa kwa mtendaji wa kijiji tuwawinde, akaturuhusu. Mwenye mbwa wa maana alikuwa Baba Nkwimba. Alikuwa nao wanne, na mkali wao aliitwa Mtajiju. Jina hilo lilikuwa jibu lake kwa majirani waliomsema kwamba anafuga mbwa wengi kuliko mbuzi.

Asubuhi ya siku ile tulikuwa wanaume saba. Tulikunywa uji wa moto kwa dada, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala. Kisha nikamsikia Baba Nkwimba akisema tutaanzia kule kwenye mgunga, kwa sababu nguruwe wameonekana huko. Nikasema, tuanze upande wa mto. Wakanicheka! "Shemeji wangu anaogopa baridi huyu," akasema Baba Nkwimba, akavua koti lake la mvua akanivalisha kwa mikono yake mwenyewe.

Pale nilikuwa na nafasi. Ningesema tu, kuna shimo. Ningeaibika mbele ya wanaume sita, labda ningefukuzwa kijijini pamoja na mke wangu na watoto wangu. Nikafunga vifungo vya koti.

Tuliingia majini kwa mstari, kila mtu na mkuki au panga, na fimbo ndefu ya kupapasia mbele, maana chini hakuonekani. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Miguu ilikufa ganzi mapema sana, tukawa tunaivuta tu. Mbwa waliogelea, wakapanda juu ya vichuguu wakitetemeka, wakaogelea tena. Nguruwe wa kwanza tulimkuta juu ya kichuguu, maji yamembana pande zote, tukamuua haraka. Watu wakachangamka wakaanza kutaniana.

Wa pili alikuwa dume, meno nje. Alitoka kwenye matete akakata maji, mbwa nyuma yake, wakamshika karibu na mgunga. Tukasikia Mtajiju akilia. Alikuwa amechanwa.

Kwetu mwenye mbwa hamngoji mtu. Mbwa wakishashika, yeye ndiye wa kwanza kufika, maana akichelewa dume litawatumbua wote, na watu watamcheka kwamba alituma mbwa vitani akabaki nyuma. Baba Nkwimba akatupa fimbo yake ya kupapasia, akabaki na mkuki, akatimua mbio. Maji yalikuwa yanaruka juu ya kichwa chake. Alikuwa anawaita mbwa wake kwa majina.

Mimi nilikuwa juu ya ukingo, namwona vizuri kabisa. Nilijua shimo liko wapi kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Zile fito zilishaelea zikaenda zake. Na yeye alikuwa anakwenda huko huko, moja kwa moja!

Nikafungua mdomo. Nikawaza, nikisema wataniuliza nimejuaje. Nikawaza, mbwa wako kushoto kidogo, labda atakata kushoto. Nilipata pumzi mbili, wasomaji, na zote mbili nilizimalizia kwenye mawazo hayo.

Hakukata kushoto.

Hakupiga hata kelele. Alikuwepo, halafu hakuwepo. Wenzangu walidhani amejikwaa, wakangoja ainuke. Niliyekimbia wa kwanza ni mimi, na kwa hilo wakaja kuniita shujaa. Nilijitupa mle shimoni na lile koti lake, likajaa maji likanivuta chini, wakaniopoa kwa fimbo. Nikajitupa tena. Kuta za shimo zilikuwa zimeporomoka, nikawa nashika matope tu. Tulimtoa kwa kamba na mti mrefu, baada ya muda mrefu sana. Tukamlaza ukingoni. Mmoja akamkandamiza kifua, mwingine akawa anamwita jina. Mvua haikukatika.

Sikulia. Watu wakasema ni mshtuko. Msibani sikulia, makaburini sikulia. Niliona midomo ya watu ikicheza, nikaitikia palipotakiwa kuitikiwa.

Waliuliza, shimo hili la nani? Mimi huyu huyu nikasema labda ni la wachimbaji wa zamani. Wakakubali! Mchimbaji gani, wakasema, angeacha shimo bila kifusi? Basi ni la zamani sana.

Dada Holo alinishika mikono mbele ya waombolezaji, akanishukuru kwa kujitupa majini mara mbili. Akasema sasa mimi ndiye baba wa wanawe, akanikabidhi shamba. Nikalima. Nilikula chakula kisicho na ladha, nikalala usingizi usio na ndoto. Mke wangu aliniuliza kama nimerogwa. Kila asubuhi Nkwimba alinipigia goti, "Shikamoo, mjomba," nami nikaitikia marahaba, eti na mimi mtu mzima.

Kumbe balaa halijaisha. Minong'ono ikaanza. Haiwezekani, watu wakasema, mtu mzima azame kwenye shamba lake mwenyewe, lazima kuna mkono wa mtu! Akatajwa bibi mmoja jirani, mjane, aishiye peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mnajua kwetu bibi akishaitwa mchawi maneno hayo huishia kwenye mapanga.

Mchana mmoja dada alikuwa anapepeta mpunga uani, mimi nimekaa kwenye kinu kilicholala. Akaniambia bila kuniangalia kwamba wanaume wanataka kwenda kwa yule bibi Jumapili, nami kama mjomba wa watoto ndiye wa kuwatangulia.

Nikasema, "Dada, si bibi. Shimo ni langu."

Nikamweleza yote, tangu lile jiwe jeupe hadi vifungo vya koti. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Ulimwona anakwenda?" akaniuliza.

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, dada."

Nilingoja anirushie mchi. Ningeshukuru! Hakunirushia kitu. Alimaliza kupepeta ule mpunga uliokuwa kwenye ungo, akaumwaga kwenye gunia, akaingia ndani akatoka na ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwenye sahani. Akaiweka mbele yangu. "Mgeni," akasema, "kula uende."

Nikala. Mnaweza kuamini? Nikaimaliza sahani yote.

Siku hiyo hiyo nilijipeleka kwa mtendaji, nikasema mbele ya mkutano, na yule bibi hakuguswa. Adhabu niliyopewa na serikali na ile ya ukoo nimezibeba, sina haja ya kuzisimulia. Shimo nililifukia peke yangu kwa siku nne. Hakuja mtu kunisaidia, wala hakuja wa kunitukana. Kisha nikahamia huku na familia yangu.

Ndugu zangu mnaochimba, nawaomba kwa jina la mnachokiamini... kifusi kiacheni mdomoni, zungusheni miiba, na mkimaliza fukieni siku hiyo hiyo! Na wewe uliyeficha lako, liwe la udongo au la aina nyingine, ukimwona mtu analielekea piga kelele. Utatukanwa, utafukuzwa, utachekwa, na bado atakuwa hai wa kukucheka.

Dada yangu nampigia simu kila mwezi. Anapokea. Ananisalimia vizuri, anauliza hali ya mke wangu na watoto, ananiambia mvua zikoje. Ila hajaniita "kaka" tena.