Kitambaa Juu ya Mashine ya Nyuma

"Nakuuliza mara ya mwisho, Mfaume. Nani kaifungua mashine ya nyuma?"

"Mie. Na usinifokee, dada Tekla. Ya mbele inatoa kosa 502 tangu asubuhi, haiipati ya nyuma. Nikaiunganisha ya nyuma na nje moja kwa moja, maofisa wafanye kazi. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza."

Jasusi Tekla alivuta kiti. Sinza, uani mwa gesti, saa nane mchana, Februari 1999. Kompyuta mbili za Compaq. Ya mbele hupokea kila ombi kutoka nje, huipelekea ya nyuma, kisha hurudisha jibu. Ya nyuma ndiyo yenye majina ya watoa habari. Nje hakuna aliyepaswa kujua kwamba ipo.

Sasa mtu alijua.

Kumbukumbu za seva zilionyesha anwani ngeni. Ukurasa wa A. Wa B. Wa C. Mpaka K.

Tekla alichomoa waya wa simu.

Amechelewa. Ukurasa wa K ulikuwa umeshatoka mzima.

"K kuna nani?"

"Kokushubila. Anawapikia wauza pembe za ndovu kule Mbweni. Yumo jikoni mwao sasa hivi."

Mfaume alisimama ghafla. "Mwambie Benedikto na kikosi chake kwa redio!"

"Redio hao wauza pembe wanaisikiliza. Mobile haishiki kule. Na simu ya nyumba aliyojificha Benedikto imeshikwa na modemu yake, anasubiri amri kupitia hapa."

Aliandika haraka sheria mpya za mashine ya nyuma. Kataa wote. Ruhusu mashine ya mbele pekee. Akakagua faili kabla ya kuwasha.

Kosa, mstari wa 42.

Mabano ya Mfaume hayakufungwa. Akayafunga. Akawasha, akarudisha waya, akajaribu kupitia ya mbele.

502.

"Unaona?" Mfaume alisema. "Si mie!"

Tekla aligusa kasha la ya nyuma. Akarudisha mkono upesi. Moto. Juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, maua kila pembe, kimeziba matundu yote ya hewa.

"Hiki nini?"

"Mke wangu kafuma. Vumbi la Sinza si unalijua."

"Mashine inazimika kila mara kwa joto, unaivisha shela!"

Alikivuta. Akafungua kasha, akageuzia feni ya meza. Dakika nne, ndefu kama uchungu wa kuzaa. Akawasha tena.

Ukurasa ulifunguka.

"Bosi wao anafika saa kumi," Mfaume alinong'ona. "Miezi saba tunamsubiri. Ukituma amri sasa, umemkosa."

Tekla alikuwa anaandika.

INGIENI SASA. MTOENI MPISHI KWANZA.

Akabonyeza.

Saa nane na dakika hamsini jibu likaingia. TUNAYE. YU MZIMA. PEMBE ZOTE ZIPO. BOSI HAKUJA.

Tekla alichomeka bastola yake ya Bereta kiunoni, akamtupia Mfaume kitambaa.

"Kafunike redio yenu ya nyumbani. Kisha chapa majina, A mpaka K. Wote wanahama leo. Naanza na Atuganile wa ukurasa wa A, kule Kinondoni."

Akatoka bila kufunga mlango.