Mtu Mmoja na Magunia Mawili

Hapana, hakuna hata mmoja wao aliyejua kurusha ndege. Ndiyo maana rubani alitakiwa mzima, bila hata mkwaruzo. Felician aliwaambia hivyo siku ya kwanza, kwenye chumba cha nyuma kwa Restituta pale Endasak. Mbele watu wanakunywa pombe, nyuma kuna magunia ya magunzi na moshi wa jikoni. Hapo ndipo mchongo ulipopangwa.

Walikuwa watano. Felician hakuwa mtu wa huku. Miaka mingi alipakia mizigo uwanja mkubwa wa ndege, huko pwani. Halafu kampuni ikaanza kuugua. Ndege moja ikapelekwa kutengenezwa, haikurudi. Ya pili ikatolewa vipuri ili ya tatu iruke. Watu wa mizigo wakaambiwa kaeni nyumbani, tutawaita. Hawajaitwa mpaka leo. Mtu anakaa na uchungu kama huo, unamwozea ndani.

Wa pili Idd, dereva wa lori wa Singida, maneno machache. Wa tatu Kornelia, dada wa pale kiwanja cha Gehandu, anayepima watu na mizigo kabla ya kupanda. Ndiyo, wanapima watu. Unasimama kwenye mizani kama gunia la mahindi, wenzako wanacheka. Zamani huku tulijua ndege ya wagonjwa tu. Ukiisikia unajua kuna mama amekwama na mtoto. Sasa imekuja kampuni ndogo na ndege ya injini moja, inabeba mwalimu, daktari, mnunuzi wa vitunguu saumu, yeyote mwenye nauli. Dunia imegeuka. Kule kubwa zinalala, huku ndogo zinaruka.

Wa nne na wa tano, ndugu wawili wa tumbo moja, Tluway na Bura, watoto wa Efrazia wa hapa mlimani. Tluway mkubwa, jitu la mwili, analima kama trekta. Bura mdogo, mwepesi, mdomo unacheka, kichwa kigumu. Tluway hakuwa na tamaa ya ule mzigo. Bura alishasema yeye anakwenda, apende kaka yake asipende. Basi Tluway akaona ni bora awe naye, wakitoka watoke wote. Ni hilo tu lililompeleka.

Felician akachora chini kwa kijiti.

"Mzigo ni kaboni. Magunia manne. Mwenye mtambo anakodi ndege nzima, hakuna abiria."

Kaboni ukiiona utasema mkaa wa kupikia uliovunjikavunjika. Kumbe kule kwenye mitambo ya kuchenjua wanailoweka na dawa, inanyonya dhahabu. Halafu inapelekwa mjini kutolewa. Kwa barabara ilishaporwa, ndiyo ikapandishwa ndege.

"Tukiuchukua tunatokea wapi?" Tluway akauliza. "Barabara ni moja. Wakipiga yowe hapa, wanaitika kule."

"Watatufuata mpaka tuzeeke," Bura akacheka.

"Hatutoki kwa barabara. Tunatoka kwa juu." Felician akachora mstari. "Upande wa Singida kuna kiwanja cha zamani, nyasi zimeota. Idd anangoja pale na gari. Dakika chache tu tumeshatua."

Kornelia akasema, "Asubuhi itawezekana. Jua likiwa kali, Kapteni Frida huwa anapunguza mzigo."

"Dada, mimi nimepakia ndege za watu sabini. Mtu mmoja humo ni kama nzi. Usinifundishe."

Kornelia akavuta gunia la magunzi, akakaa.

"Kitu cha mwisho. Naongea mimi peke yangu. Tluway, Bura, sauti zenu hapa zinajulikana mpaka na mbuzi. Midomo ifungwe."

"Hapigwi mtu," Tluway akasema.

Felician akaifunua bastola, akaifunika. "Mguu wa kuku ni wa kuonyesha tu."

Alhamisi. Saa moja asubuhi.

Wamejilaza kwenye shamba la mahindi pembeni ya kiwanja. Baridi ya kutetemesha meno. Ndege ilitakiwa kutua saa mbili. Lakini mlima Hanang siku hiyo ulijifunga wingu mpaka kiunoni. Huo mlima ukikataa umekataa.

Saa mbili. Simu ya Felician ikatikisika. Kornelia ameandika, haijaruka, wingu.

Saa nne. Wingu likaanza kupanda. Jua likatoka la hasira, lile la baada ya wingu. Bura akavua sweta.

"Turudi nyumbani," Tluway akanong'ona. "Siku imeharibika."

"Nenda wewe," Bura akasema. "Mwambie mama umeogopa jua."

"Kausheni," Felician akasema. "Hakuna anayerudi."

Saa sita kasoro wakaisikia. Ikapita juu mara moja, ikafukuza ng'ombe, ikazunguka, ikatua na vumbi lake. Pikapu ya mtambo ilikuwa inangoja kivulini. Dereva, na mlinzi Sulle na gobore lake begani. Mzee Sulle alikuwa mgambo zamani, watoto wote wa huku amewahi kuwafukuza kwenye miwa ya watu. Wakapakia magunia. Kornelia akapima, akaandika.

Gunia la nne lilipoingia, Felician akanyanyuka. Ndugu wawili wakamfuata, wote soksi usoni, yeye bastola mbele.

"Chini wote. Rubani, wewe baki hapo."

Dereva akalala kifudifudi. Kapteni Frida, binti mfupi mwenye shati jeupe, akainua mikono. Sulle hakuwa na haraka, magoti yake mabovu, akaanza kuinama polepole. Bura akamfikia kumnyang'anya gobore. Akamshika bega. Na hapo, ee bwana, hapo ndipo kila kitu kilipomwagika. Huyu mtoto alilelewa. Tangu ameanza kutamka, hajawahi kusogea kwa mzee huyu bila salamu. Mdomo ukatangulia akili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," Sulle akaitika. Hata yeye ilitoka yenyewe. Halafu akainua kichwa taratibu. "Wewe si mtoto wa Efrazia? Bura? Na huyu jitu ni nani kama si Tluway? Mnafanya nini hapa, wanangu?"

Upepo tu kwenye lile soksi kubwa la kuonyesha upepo.

"Amewajua," Felician akasema.

"Ni mzee tu," Tluway akasema. "Muache."

Felician akapiga. Risasi ikaingia paja. Sulle akakaa chini kama mtu aliyechoka, akaliangalia paja lake, damu inasukuma.

Kornelia alikuwa ameambiwa hapigwi mtu. Alisimama pale, kalamu mkononi, akaangalia ile damu. Felician akamwambia, "Wewe, ingia kwenye kibanda." Hakuingia. Akaitupa kalamu, akaweka mkono mdomoni, akapiga yowe. Lile la kwetu, refu, la kukata. Kabla halijaisha likaitikiwa ng'ambo ya korongo. Halafu la pili. Halafu pikipiki zikaanza kulia huko mashambani.

"Ametuchoma," Bura akasema.

"Ndani," Felician akasema. "Ndani, ndani."

Wakamsukuma Frida kwenye usukani. Felician pembeni yake. Nyuma viti vilishatolewa, Tluway na Bura wakakaa juu ya magunia. Frida akaangalia nyuma, akawapima kwa macho.

"Hatutaruka hivi," akasema.

"Washa."

"Nawasha. Sikiliza lakini. Hapa tuko juu, na jua hili hewa imekuwa nyepesi, ndege haishiki. Na upepo unatoka mlimani, lazima niruke kuelekea mlimani. Ngojeni jioni ipoe."

"Jioni?" Felician akacheka kwa pua. Mayowe yalishafika kwenye miti. "Nimepakia ndege miaka mingi. Usinidanganye."

"Ulipakia zile kubwa, tena kando ya bahari. Hii siyo ile." Sauti yake haikupanda. "Shusha mtu mmoja na magunia mawili. Hapo nitajaribu. Vinginevyo unipige hapahapa, ni yaleyale."

Felician akafikiri kidogo. Kidogo sana. Akageuka.

"Tluway. Shuka."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye mzito."

Tluway akaona bastola. Akashuka. Akasimama chini, upepo wa panga la injini unampiga nguo. Hakwenda popote. Akanyoosha mkono.

"Bura, shuka. Twende wote. Tukimbilie korongoni, tunalijua."

Bura akamwangalia. Akaangalia magunia. Mwenyewe Tluway anasema aliliona lile jicho na akalijua, ni jicho la mtoto aliyeshika kitu cha mwenzake.

"Kaka, nitakuletea fungu lako."

"Sitaki fungu. Bura, shuka, mdogo wangu."

Bura akajisogeza ndani zaidi. Basi Tluway akasema kama hashuki, angalau ndege iwe nyepesi. Rubani amesema magunia mawili. Akashika gunia la mlangoni, akalivuta. Likaja nusu. Halafu likakaza. Kuna mtu analivuta upande wa pili. Si Felician, Felician yuko mbele na bastola kichwani kwa yule binti. Ni Bura. Amekaza miguu, anavuta gunia lirudi ndani.

"Acha, Bura. Mtaanguka."

"Wewe acha. Unataka kutuharibia."

Walivutana hivyo, ndugu wawili. Tluway angeweza kulitoa, nguvu anazo. Lakini Felician akageuza bastola, akamlenga kifuani. Tluway akaachia. Gunia likaingia, mlango ukabamizwa. Ndege ikaondoka.

Ilikimbia. Ilikimbia mpaka mwisho wa kiwanja, tukasema haipandi. Ikapanda. Ikawa inaning'inia, pua juu, matako chini, kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Mlima nao unapanda mbele yake. Wao wanapanda kidogo, mlima unapanda zaidi. Frida akajaribu kukata kushoto. Bawa likashika mti. Kishindo chake hakikuwa kikubwa. Kama mtu amedondosha mabati.

Haikuwaka.

Saa saba. Sasa angalia hapa. Korongo liko kushoto, watu bado hawajafika. Tluway angekimbia, leo angekuwa anauza viazi mji wa watu. Akakimbilia kulia, kwenye mlima. Watu wa fimbo wakamkuta njiani, wakampiga mbili tatu, yeye anapanda tu. Yohanes, mkuu wa mgambo, akasema mwacheni apande, tutamfunga hukohuko.

Felician alikuwa ameshakufa, kifua kimeingia ndani. Frida hai, mguu umevunjika. Bura alikuwa chini ya magunia. Ndege ilipogonga, yote manne yalimjia. Moja lilipasuka likamjaza weusi uso mzima, mpaka puani. Tluway aliyatoa moja moja. Alipofika kwa mdogo wake alimshika shingoni, akakaa hivyo kidogo. Halafu akaenda kumbeba rubani, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa bado anapumua.

Frida na mzee Sulle wakalazwa kwenye pikapu ya mtambo, mbio Haydom hospitali. Walipona, ingawa Sulle anachechemea. Kornelia alijipeleka polisi mwenyewe, akasema yote. Idd alingoja huko nyasini mpaka jua likainama, akawasha gari. Hajaonekana tena.

Nyumba iliyokuwa karibu na pale ilikuwa ya Efrazia mwenyewe. Bura akashushiwa hapo, akalazwa chumba cha ndani. Mama akachota maji, akamwosha uso. Kaboni haitoki kirahisi. Maji yakawa meusi, akamwaga, akachota mengine. Nje wamekaa watu wa yowe na fimbo zao, wanangoja gari la polisi. Tluway amefungwa kamba mikono nyuma, kwenye nguzo ya zizi.

Jua likapungua. Efrazia akatoka, akawasha moto, akasonga ugali. Kunde zilikuwepo, na maziwa ya mgando. Akatenga uani. Hakuna aliyesogea.

"Mmembeba mwanangu, hamjala," akasema.

"Mama, hatuwezi," Yohanes akajibu, macho chini. Kula nyumba ya jambazi siku yenyewe ya ujambazi, nani aanze?

Agatha, mke wa Sulle, alikuwa amesimama langoni. Alikuja na maneno yake ya kumrushia Efrazia, kila mtu aliyajua. Akaangalia lile sufuria. Akaangalia maji meusi yaliyomwagwa mlangoni. Akasogea, akachukua jagi, akanawa. Akakaa.

"Mfungue huyo naye," akasema. "Hakuna anayekula amefungwa."

Yohanes akafungua kamba, akamfunga mguu badala yake. Wakanawa mmoja mmoja, wakakaa. Efrazia akabaki amesimama na mwiko mkononi, juu ya kichwa cha Tluway.

"Ulimwita?" akauliza.

"Nilimwita, mama."

"Akasemaje?"

Tluway akaangalia mikono yake.

"Injini ilikuwa inalia sana. Hakunisikia."

Mama akaweka mwiko. Akakaa kwenye kigoda, akamega, na wote wakaanza kula.